Kutibu mbegu huokoa miche, lakini mbegu iliyotibiwa si chakula

WAKULIMA wa mbogamboga wa pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mabwepande wilayani Kinondoni hadi Chamazi na Toangoma wilayani Temeke, wanaweza kukutana na ugonjwa wa kinyausi bila kuujua kwa jina. Miche ya nyanya, pilipili au kabichi huchipua vizuri kitaluni, kisha baada ya siku chache huanguka kwa mafungu, shina likiwa limelainika na kusinyaa usawa wa udongo. Mingine huoza kabla haijachomoza, na mkulima hudhani ameuziwa mbegu mbovu.

Kinyausi husababishwa na vimelea vya ukungu viishivyo ardhini, vikiwamo pithiamu, rizoktonia na fusari. Hustawi pale kitalu kinapotuamisha maji, mbegu zinaposiwa kwa msongamano na udongo uleule unapotumika msimu hadi msimu. Kwa kuwa shambulio huanzia chini ya ardhi, dawa inayopulizwa baada ya mche kuanguka haiwezi kuufufua. Kinga sharti iwepo tangu mbegu inapoingia udongoni.

Kutibu mbegu ni kuzipaka dawa ya ukungu kabla ya kuzisia. Dawa hiyo huilinda mbegu na mzizi mchanga katika wiki za mwanzo, wakati mche ukiwa dhaifu zaidi, na kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko cha kupulizia shamba zima. Dawa yenye metalaksili, kwa mfano, hudhibiti pithiamu, lakini haifai kwa rizoktonia wala fusari; ndiyo sababu mara nyingi huchanganywa na dawa nyingine kiwandani.

Njia hiyo hutumika pia kwa mazao ya jamii ya mikunde. Katika dengu, zao linalolimwa kwa wingi Kanda ya Ziwa, ukungu wa mnyauko fusari unaweza kuishi ardhini hadi miaka 6 hata kama dengu hazikupandwa.

Hata hivyo, kutibu mbegu hakuponyi udongo, wala hakuzuii mnyauko bakteria wa nyanya. Ugonjwa huo hutambulika kwa kukata kipande cha shina karibu na ardhi na kukitumbukiza ncha katika glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache hutoa uzi mweupe kama maziwa. Shamba la namna hiyo lisipandwe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo, bali mazao ya jamii nyingine kama mahindi. Kwa kinyausi, tuta la kitalu liinuliwe, mbegu zisiwe kwa nafasi, na kitalu kihamishwe kila msimu.

Mbegu nyingi za pakiti huwa zimekwisha kutibiwa, na rangi nyekundu, kijani au buluu ndiyo ishara yake. Hizo hazihitaji dawa tena. Anayetibu mwenyewe anunue dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), afuate kipimo cha kwenye lebo na avae glovu.

Hatari kubwa ni mbegu zinazobaki. Mwishoni mwa mwaka 1971 na mwanzoni mwa 1972 nchini Iraq, wananchi walioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyotibiwa kwa dawa ya zebaki. Watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 kati yao walifariki dunia. Maonyo yaliandikwa kwa lugha za kigeni, na baadhi ya watu waliamini kuwa rangi ikiisha kwa kuoshwa, sumu nayo imekwisha.

Dawa za zebaki zimepigwa marufuku katika nchi nyingi, lakini kanuni haijabadilika: mbegu yenye rangi ya dawa isioshwe ikapikwa, isipewe kuku, na ihifadhiwe mbali na jiko na watoto.