Taya la mtoto wa Mulago na jeni iliyohama

Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari Hugh Trowell anamwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje kumwona mtoto wa kiume aliyevimba taya la juu na la chini, kushoto na kulia. Meno yamelegea. Hebu jiulize: jipu la jino hutokea upande mmoja, hili limezukaje pande nne kwa mpigo? Burkitt hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Kufikia 1958 alikuwa na watoto 38 wa kuwaandikia makala.

Mwaka 1964, huko London, Epstein, Achong na Barr wakaona virusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Mimi naona ndipo utamu unapoanza, maana virusi hivyo wanavyo watu wazima wengi mno duniani, pengine hata wewe, na mataya yetu ni mazima!

Jibu lilikuwa kwenye kromosomu. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba kipande cha kromosomu namba 8 kimekatika na kuunganishwa na namba 14. Mwaka 1982 jeni iliyohama ikajulikana: MYC. Protini yake huiamuru seli igawanyike, na kwa kawaida hutengenezwa kwa kiasi, kisha huvunjwa haraka. Lakini sasa imehamia jirani na jeni za kingamwili, na uvimbe huu ni wa seli B, ambazo kazi yake ni hiyohiyo ya kingamwili. Jeni hizo hazilali. MYC nayo ikakosa usingizi.

Na nani aliyeikata kromosomu? Malaria ina mkono wake: huzichochea seli B kutengeneza kwa wingi protini iitwayo AID, ambayo husababisha DNA kukatika. Ndiyo maana ramani ya Burkitt ililingana na ya malaria.

Sasa ona hili. Uganda ya wakati ule haikuwa na tiba ya mionzi, basi Burkitt akajaribu dawa kama saiklofosfamaidi. Kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache. Dawa hiyo huziumiza zaidi seli zinazogawanyika upesi, na hizi, kwa amri ya MYC, zilikuwa zikiongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Burkitt alikuwa hajawahi kuisikia MYC.