Kofia Mbili za Green Bay

Ukitaka kujua ni makocha gani walioleta ubingwa Green Bay, huna haja ya kitabu. Endesha gari tu. Uwanja wa timu ya Packers unaitwa Lambeau Field. Barabara kubwa inayopita kando yake ni Lombardi Avenue, ambayo hadi 1968 iliitwa Highland Avenue. Jirani hapo kuna Holmgren Way, na hapohapo mtaani kuna Mike McCarthy Way. Kazi yangu ni kugawa vifurushi, kwa hiyo majina hayo nayasoma kila siku kwenye anwani za mizigo. Lambeau mataji sita, Lombardi matano, Holmgren moja, McCarthy moja. Jumla 13, na hakuna timu nyingine ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, iliyofikisha hesabu hiyo.

Lakini makocha wakuu wa Packers tangu timu iingie ligini ni 15. Sijawahi kupeleka mzigo barabara ya Ronzani, wala ya Devine, wala ya Infante. Bart Starr ana njia yake karibu na uwanja, ila aliipata kwa uchezaji, si kwa ukocha. Mashabiki wa hapa ukiwauliza kwa nini hao wengine walishindwa, watakujibu kwa mkato kwamba walikuwa makocha wabovu. Mimi sikubali. Nikiitazama historia ya kiti hiki naona jambo lingine: kadhaa kati yao walivikwa kofia mbili, ya kufundisha timu na ya kusajili wachezaji, na mshika mbili moja humponyoka.

Kwa msomaji asiyeufahamu mji huu, Green Bay uko jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, na una watu wapatao laki moja na ushee. Hakuna mji mdogo kuushinda wenye timu kwenye ligi hiyo. Timu haina tajiri. Tangu 1923 ni mali ya wanahisa, na leo wanazidi laki tano. Hisa haileti gawio wala huwezi kuiuza ukapata faida. Unapewa cheti, unakitundika ukutani. Sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga tunajua maana ya timu yenye wenyewe wengi: kocha hubebwa mabegani Jumamosi, Jumatatu akafungashiwa virago.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Agosti 1919 kijana anayeitwa Earl Lambeau, ambaye watu walimwita Curly kwa ajili ya nywele zake za mawimbi, alikutana na mwandishi wa habari George Calhoun na vijana wengine katika ofisi za gazeti la Press-Gazette, wakaunda timu. Lambeau alikuwa ametoka chuo cha Notre Dame baada ya kuugua mafindofindo, akapata kazi kwenye kampuni ya kusindika nyama, Indian Packing Company. Mwajiri wake akatoa dola 500 za kununulia jezi, na jina la Packers likatokana na kampuni hiyo. Mwaka 1921 timu ikaingia ligini, Lambeau akiwa mchezaji, kocha na msajili kwa pamoja.

Zama zile mtu mmoja aliweza. Wachezaji walikuwa wachache, mishahara midogo, na kupata mchezaji kulitaka barua, tiketi ya treni na ulimi mtamu. Lambeau alikuwa na vyote vitatu. Alitwaa ubingwa 1929, 1930 na 1931, mfululizo. Wakati timu nyingi zikikimbia na mpira kifuani, yeye alipenda urushwe hewani, na 1935 alipompata Don Hutson kutoka Alabama, mkimbiaji mwenye mikono ya kunasa kila kitu, ligi nzima ikalazimika kujifunza upya namna ya kujilinda. Mataji ya 1936, 1939 na 1944 yakafuata.

Kisha mtu yuleyule, kwa mamlaka yaleyale, akaanza kuiangusha timu. Mwaka 1946 alinunua jumba la Rockwood Lodge, nje ya mji, juu ya genge linalotazama ghuba, kwa dola zipatazo 32,000. Alitaka wachezaji waishi na kufanya mazoezi huko. Mandhari yalikuwa ya kuvutia, ila chini ya udongo mwembamba kulikuwa na mwamba wa chokaa, na wachezaji walirudi wakichechemea. Wanahisa waliokuwa wakihesabu kila senti hawakulielewa jumba lile. Msimu wa 1949 timu ilishinda mechi mbili, ikapoteza kumi, na fedha zikakauka hadi ikabidi kuandaa mechi ya wachezaji wao kwa wao ili kuchangisha. Tarehe 24 Januari 1950 jumba likateketea. Siku chache baadaye Lambeau akajiuzulu, akaenda Chicago kufundisha timu nyingine. Fedha za bima zikaisaidia klabu kusimama tena.

Waliofuata hawakupona. Gene Ronzani aliondoka 1953 msimu ukiwa na mechi mbili mkononi. Lisle Blackbourn alidumu miaka minne. Ray McLean, mtu mpole mno, alipewa msimu wa 1958 akashinda mechi moja, akatoka sare moja, akapoteza kumi.

Hapa ndipo hadithi inayosimuliwa kila kona ya mji inapoanza. Mwanzoni mwa 1959 aliletwa Vince Lombardi, mtoto wa Brooklyn aliyewahi kufundisha fizikia, kemia na Kilatini katika sekondari ya Kikatoliki huko New Jersey. Alikuwa na miaka 45 na hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu ya kulipwa. Alidai kofia zote mbili, ya kocha na ya meneja mkuu, akapewa. Katika miaka tisa alitwaa mataji matano, yakiwemo ya Super Bowl, fainali kuu ya ligi, mbili za kwanza kabisa.

Ualimu haukumtoka. Alichukua mbinu moja ya kukimbiza mpira pembeni, walinzi wawili wakitangulia kumfungulia njia mkimbiaji, akairudia mazoezini hadi wapinzani wakawa wanajua inakuja na bado wasiweze kuizuia. Aliyefika kikaoni kwa wakati alihesabiwa amechelewa. Ilibidi uwe umekaa robo saa kabla. Saa kubwa ya uwanjani leo imewekwa dakika 15 mbele kwa heshima yake, na dereva mgeni akiitazama hushtuka akidhani mzigo umechelewa. Tena alikuwa mtu wa msimamo: aliitangazia migahawa na baa za mji kwamba mahali patakapomkataa mchezaji wake mweusi, hakuna mchezaji wake yeyote, mweupe wala mweusi, atakayekanyaga.

Mechi inayosimuliwa zaidi ni ile ya 31 Desemba 1967 dhidi ya Dallas Cowboys. Baridi ilifika nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Lombardi alikuwa amefungisha nyaya za kupasha joto chini ya nyasi kwa dola 80,000, zikashindwa kazi, uwanja ukawa barafu. Filimbi za waamuzi ziliganda. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Packers walikuwa nyuma 17 kwa 14, mpira uko hatua moja kutoka mstari wa goli, na hawakuwa na haki ya kusimamisha saa tena. Teke fupi lingewapa sare. Bart Starr, mpiga pasi mkuu, alimfuata Lombardi pembeni akamwambia wakimbiaji wanateleza, bora aende nao mwenyewe. Lombardi akakubali. Starr akajitosa nyuma ya Jerry Kramer, akaanguka ndani ya mstari. 21 kwa 17.

Sasa tumtazame Starr huyo, na Kramer. Nani aliwasajili? Si Lombardi. Starr alichukuliwa 1956 katika duru ya 17 ya kuchagua wachezaji wa vyuo, akiwa wa 200 kwenye orodha. Kramer, pamoja na Jim Taylor na Ray Nitschke, walichukuliwa kwa ajili ya msimu wa 1958, mwaka wa aibu wa McLean. Paul Hornung na Forrest Gregg nao waliingia kabla ya Lombardi kutia mguu Green Bay. Mtu aliyewatafuta ni Jack Vainisi, mtafuta vipaji aliyeajiriwa 1950, enzi za Ronzani. Alikuwa na moyo mgonjwa na alifariki Novemba 1960, akiwa na umri wa miaka 33, mwezi mmoja tu kabla timu haijacheza fainali yake ya kwanza chini ya Lombardi. Kwa hiyo kofia ya pili Lombardi aliivaa ikiwa imeshajazwa na mtu mwingine. Hili halimpunguzii kitu: vipaji vilevile vilishinda mechi moja mikononi mwa McLean. Kufundisha alijua. Lakini mji ulichojifunza ni kwamba mtu mmoja anatosha, na funzo hilo liliugharimu.

Lombardi aliacha ukocha mapema 1968, akaenda Washington 1969, na Septemba 1970 saratani ikamchukua. Msaidizi wake Phil Bengtson alirithi ukocha, na mwaka uliofuata akarithi na umeneja. Wachezaji walikuwa wamezeeka; miaka mitatu ikaisha bila kitu. Akaja Dan Devine, kutoka timu za vyuo, naye akapewa kofia zote mbili. Mechi yake ya kwanza, 1971, wachezaji walitoka nje ya mstari kwa kasi, wakamvaa, wakamvunja mguu. Hiyo ilikuwa bahati mbaya. Ya 1974 haikuwa. Akiwa amebanwa na matokeo, akimtafuta mpiga pasi wa kumwokoa msimu uleule, alimchukua John Hadl kutoka Los Angeles, mtu wa miaka 34, na kumlipia nafasi tano za kuchagua vijana: za duru ya kwanza, ya pili na ya tatu za 1975, na za kwanza na ya pili za 1976.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Kocha anaishi kwa Jumapili ijayo, msajili anaishi kwa miaka mitano ijayo. Ukiwaweka ndani ya kichwa kimoja, hofu ya Jumapili itashinda kila mara. Meneja aliyekaa ofisini angemzuia Devine. Devine hakuwa na wa kumzuia. Mwisho wa msimu akaondoka kwenda Notre Dame, ambako alitwaa ubingwa wa vyuo wa 1977. Hakuwa kocha mbovu hata kidogo.

Deni likamwangukia Bart Starr, aliyepewa kiti 1975 pamoja na umeneja, ingawa hakuwahi kuwa kocha mkuu popote. Hadl msimu ule alirusha pasi 6 za kufunga na 21 zilizonaswa na wapinzani. Vijana wa kumrithi hawakuwepo. Nafasi zao zilishauzwa. Starr alikaa miaka tisa, akanyang'anywa umeneja katikati, akafika mtoano mara moja tu, 1982. Forrest Gregg na Lindy Infante nao wakapita. Misimu 24, kuanzia 1968 hadi 1991, na mtoano mara mbili.

Aliyeikata kamba hiyo hana kibao cha kocha. Novemba 1991 rais wa klabu, Bob Harlan, alimwajiri Ron Wolf awe meneja mkuu mwenye kauli ya mwisho juu ya wachezaji. Wolf akamchagua Mike Holmgren afundishe, akamtafutia Brett Favre kutoka Atlanta, kisha Reggie White. Kila mtu na kazi yake. Januari 1997 Packers wakawafunga New England 35 kwa 21, wakatwaa Super Bowl.

Holmgren naye akatamani kofia ya pili. Mwaka 1999 aliifuata Seattle, akapewa. Baada ya msimu wa 2002 wakamvua umeneja, wakambakizia ukocha, na misimu mitatu baadaye akaifikisha timu ile Super Bowl.

Nyumbani, Ray Rhodes, kocha mkuu wa kwanza mweusi wa Packers, alipewa msimu mmoja tu, 1999, akashinda nane na kupoteza nane, akafukuzwa. Hata Bengtson alivumiliwa kuliko hivyo. Mike Sherman alishinda vizuri, lakini Wolf alipostaafu 2001 klabu ikasahau yaliyopita na kumvika umeneja pia. Mwaka 2004 akatumia nafasi ya duru ya tatu kumchukua mpiga mateke, ambaye msimu ule hakucheza hata mechi moja. Januari 2005 umeneja ukapewa Ted Thompson, na kijana wa kwanza aliyemchagua ni Aaron Rodgers. Mwaka uliofuata akaja Mike McCarthy, na Februari 2011 wakawafunga Pittsburgh 31 kwa 25. McCarthy alifukuzwa Desemba 2018, msimu haujaisha, lakini barabara yake ilibaki, na Januari 2019 kiti kikaenda kwa Matt LaFleur, aliyekuwa na miaka 39.

Tangu timu iingie ligini hadi leo, ukimwondoa Lambeau katika enzi za treni na Lombardi aliyekuta ghala limejazwa na Vainisi, hakuna kocha wa Green Bay aliyebeba kazi zote mbili akatwaa taji. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku klabu yako itakapomfukuza kocha na wewe ukashangilia, uliza kwanza swali moja: wachezaji aliowafundisha, nani aliwasajili?