Walimu wasio na shahada walivyojenga madarasa ya Kagera

Mzazi wa Bukoba anayempeleka mtoto shule ya mchepuo wa Kiingereza hashangai kumkuta darasani mwalimu kutoka Uganda. Baadhi yao wamevuka mpaka wa Mutukula wakiwa na cheti tu: kidato cha nne na miaka miwili ya chuo cha ualimu. Wapo wanaodhani hayo yameletwa na shule binafsi za kibiashara. Kumbe mkoa huu wa Kagera umepokea walimu wa namna hiyo tangu enzi za Wajerumani.

Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, Buganda. Askofu Jean-Joseph Hirth wa Mapadre Weupe akaondoka huko na waongofu wa Kiganda, na mwaka huohuo misheni ya Kashozi ikaanzishwa, kaskazini mwa Bukoba. Katekista, yaani mwalimu wa dini, wa siku hizo hakuulizwa cheti. Aliyejua kusoma, sala na katekisimu alikabidhiwa wanafunzi.

Upande wa Waprotestanti, Wahaya, wenyeji wa Bukoba, walikwenda wenyewe Buganda, wakajifunza kusoma Kiganda, wakarudi na vitabu na kufundishana. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, akiwamo Ernst Johanssen, walipofika mwaka 1910 walikuta wasomaji tayari.

Lakini misheni hazikuishia kwa katekista. Mwaka 1904 Hirth alifungua seminari Rubya, Ihangiro, ambako leo ni Wilaya ya Muleba. Humo ndimo alimosoma Laurean Rugambwa, aliyekuja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960.

Waingereza walipotawala, karatasi ikaanza kuwa na uzito. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipita Tanganyika mwaka 1924, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa kusajili walimu na kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia viwango. Shule ya katekista kijijini ilibaki nje ya ruzuku hiyo. Kiingereza nacho kikawa njia ya kupata kazi ya ukarani na mshahara.

Wimbi kubwa zaidi lilikuja baada ya uhuru. Novemba 1974 chama tawala, TANU, kiliamua mjini Musoma kwamba kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali. Vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha, hivyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundisha sehemu ya siku, na muda uliobaki walisoma kwa posta, kwa redio na kwa usimamizi wa walimu wakongwe. Zaidi ya 35,000 nchini kote walihitimu kwa njia hiyo. Hao ndio walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Wengi waliwadharau, lakini bila wao vijiji vingi visingekuwa na shule.

Pengo lao kubwa lilikuwa Kiingereza. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Kiingereza kikabaki somo. Kijana aliyekisoma kama somo tu, akaishia darasa la saba, ndiye aliyepewa chaki akifundishe. Miaka ya 1990 shule binafsi za msingi zilipopata nafasi, wazazi wenye uwezo walitafuta kilichokosekana, na wamiliki wakawatafuta walimu Uganda na Kenya.

Serikali ilijibu kwa sheria. Ile ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri apate kibali cha kazi, aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye sifa akamkosa, na aandae mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo.

Sharti hilo la kurithishana ndilo linalostahili kusimamiwa kwa nguvu. Rubya iliwaandaa wenyeji, na mwalimu wa UPE alisomeshwa akiwa kazini, ingawa Kiingereza chake kiliachwa nyuma. Kwa hiyo wathibiti ubora wa shule wa Bukoba na Muleba, wakishakagua kibali na cheti cha mwalimu mgeni, waulize pia: ni Mtanzania gani anayefundishwa pembeni yake? Nanyi wazazi, liulizeni hilo kwenye kikao cha shule kabla ya kulipa ada.