Ng'ambo ya Maji

Darajani hakuna daraja. Kuna soko la samaki na nyama lililojengwa mwaka 1904, kuna wachuuzi wa ndimu na mbatata, na kuna barabara pana yenye jina la Benjamin Mkapa, ambayo watu wengi bado wanaiita kwa jina lake la kale, Creek Road. Jina hilo la kikoloni na jina la Darajani yanakumbusha kitu kimoja: hori, mkono wa bahari ulioingia kutokea Funguni upande wa kaskazini na kutambaa nyuma ya mji hadi karibu na Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Yakipwa, palibaki matope na uvundo. Aliyetaka kwenda upande wa pili alivuka daraja, na upande huo ukaitwa Ng'ambo.

Leo eneo hilo liko katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ni mkoa mdogo sana, kilomita za mraba zipatazo 230 tu, lakini sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 893,169. Unguja nzima ilikuwa na watu 1,346,332. Kwa hiyo katika kila Waunguja watatu, wawili wanaishi kwenye kipande hicho cha magharibi. Ili kuelewa jambo hilo lilikujaje, tuanze na udongo.

Unguja ina ardhi za namna mbili. Upande wa magharibi na katikati kuna udongo mzito na vilima vidogo, penye mito ya maji matamu. Huko ndiko mikarafuu ilikostawi alipokuja mtawala wa Omani, Sayyid Said bin Sultan, na kuhamishia Unguja makao yake kutoka Maskati. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda: mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na udongo haba, unaolimwa kwa subira kubwa katikati ya majabali. Mashamba ya karafuu yalipotwaa ardhi nzuri ya magharibi, wenyeji wengi walisukumwa kwenye uwanda, Makunduchi, Jambiani, Chwaka na kwingineko. Mtawala wao wa asili, Mwinyi Mkuu, alikuwa na kasri lake Dunga, katikati ya kisiwa, mahali ardhi hizo mbili zinapokaribia kupakana. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Lakini bandari ilibaki Unguja, na kwenye bandari ndiko kuna kazi.

Kazi hizo zilifanywa na watu wa Ng'ambo. Walikuwa wapagazi na mabaharia, mafundi na wapishi, waliokuwa watumwa na waliokuwa hawakupata kuwa watumwa, watu wa uwanda waliokuja kutafuta riziki, Wangazija, wageni kutoka bara. Asubuhi walivuka daraja kwenda kwenye majumba ya mawe na maghala, na jioni walirudi kwenye nyumba za udongo na boriti zilizoezekwa makuti. Utawala wa Kiingereza ulikuta tofauti hiyo ukaitia kwenye sheria na ramani za mipango miji. Upande wa mawe ukatazamwa kuwa mji wa Waarabu, Wahindi na Wazungu. Ng'ambo ikawa mtaa wa vibanda wa wenyeji. Hata hivyo Waafrika waliishi Mji Mkongwe, na Wahindi na Waarabu maskini waliishi Ng'ambo. Ramani ilikuwa nyepesi kuliko maisha.

Jambo lililouma zaidi lilikuwa ardhi. Mtu wa Ng'ambo aliweza kumiliki nyumba yake, kuta, paa na mlango, lakini kiwanja chini yake kikawa cha mwingine: tajiri wa mjini, au wakfu. Alilipa kodi ya kiwanja, na kodi ilipopandishwa hakuwa na pa kuihamishia nyumba. Mwaka 1928 wakazi waligoma. Walikataa kulipa, na serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuizuia kodi hiyo isipande ovyo. Naona mgomo huu unastahili nafasi kubwa zaidi katika vitabu vya historia vinavyosomwa shuleni. Miaka karibu 30 kabla ya vyama vya siasa, watu wa Ng'ambo walikuwa wameshajua kusimama pamoja kama mtaa.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiwahesabu watu kwa makabila, na majibu yalibadilika kwa namna ya kushangaza. Katika sensa ya 1924 watu zaidi ya 30,000 walijiandikisha kuwa Waswahili. Mwaka 1931 walibaki kama 2,000 tu. Hawakufa wala hawakuhama. Jina la Uswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na mtu aliyejiita Mshirazi au Mwarabu alijiona amejiweka pahali pa heshima zaidi. Vita vya Pili vya Dunia vikaongeza uzito wa majina hayo, kwani mgao wa chakula ulipangwa kwa kabila, na mchele ulikuwa wa Waarabu na Wahindi. Jibu alilotoa mtu kwa karani wa sensa likawa linamfuata hadi kwenye sufuria yake.

Julai 1957 Zanzibar ilipiga kura kwa mara ya kwanza. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 6, na kimojawapo kilikuwa cha Ng'ambo. Huko walikutana Ali Muhsin Barwani wa chama cha Hizbu, yaani ZNP, na Abeid Amani Karume, baharia wa zamani aliyekuwa kiongozi wa Jumuiya ya Waafrika. Karume alishinda kwa kura nyingi sana. Aliyepita barazani Ng'ambo na kuongea na wapagazi angeweza kuyatabiri matokeo hayo, lakini wengi waliokuwa upande wa mawe waliyapokea kwa mshangao.

Kilichofuata ni hesabu ya majimbo. Januari 1961 viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi, chama cha Karume, ilipata 10, Hizbu 9, na chama cha tatu, ZPPP, 3. Jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Likaongezwa jimbo moja, uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni, na mji ukawaka: watu 68 waliuawa katika ghasia hizo. Safari hii Hizbu na ZPPP wakaunda serikali pamoja, Muhammad Shamte wa ZPPP akawa Waziri Kiongozi.

Julai 1963 viti vikawa 31. Afro-Shirazi ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, na viti 13. Wapinzani wake, kwa kura chache zaidi, walipata viti 18. Sababu iko kwenye jiografia niliyoieleza. Wafuasi wa Afro-Shirazi walijazana mahali pamoja, katika mitaa ya Ng'ambo na mashamba yaliyoizunguka, na kura zao zilirundikana juu ya kura katika majimbo waliyokwisha kuyashinda. Kura ya elfu moja ya ziada Ng'ambo haikuzaa kiti kingine. Ng'ambo iliona imeshinda uchaguzi na kunyimwa serikali. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963, sherehe zake hazikuwa za wote.

Mapinduzi yalitokea mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Yalianzia kwenye vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni, nje ya Mji Mkongwe. Sultani Jamshid aliondoka kwa meli. Watu wengi sana waliuawa, wengi wao Waarabu, na familia nyingine zilikimbilia Oman, Uingereza na Dar es Salaam. Msiba huo haupaswi kupunguzwa kwa kutaja kodi ya viwanja wala hesabu ya viti. Lakini asiyezijua hesabu hizo hataelewa hasira ya usiku ule ilitokea mtaa gani.

Karume aliwapa watu wa Ng'ambo nyumba za aina mpya. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki zilijengwa nyumba za maendeleo Kikwajuni na Kilimani, kisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa msalaba kwenye makutano ya barabara kuu mbili, nyumba za udongo zikibomolewa kuyapisha. Mpaka leo kanga zinaanikwa kwenye roshani za ghorofa zake, na chini yake, maskani ya Kisonge ya wafuasi wa CCM ina ubao wa maandishi ya siasa unaosomwa na kila apitaye. Ukivuka barabara ya Darajani na kuingia vichochoroni mwa Mji Mkongwe utafika Jaws Corner, baraza ya wapinzani, wazee wakinywa kahawa na kubishana. Kutoka baraza moja hadi nyingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Hori limefukiwa kidogo kidogo mpaka likaisha, na mji umeendelea kwenda mbele. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Wilaya ya Mjini, yenye Mji Mkongwe na Ng'ambo ya zamani, ilipungua kutoka watu 223,033 hadi 219,007. Wilaya ya Magharibi, ambayo sasa imegawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B, ilipanda kutoka 370,645 hadi 674,162. Fuoni, Tomondo, Mwanakwerekwe na Chukwani, palipokuwa mashamba na vijiji, sasa ni nyumba za matofali zilizobanana. Mji Mkongwe unaopigwa picha na wageni una ukubwa wa hekta 96.

Mkaazi wa Fuoni, ambaye amezungukwa na umati mkubwa kuliko ule wa wilaya nzima ya zamani, akipanda daladala kuelekea Darajani bado anawaambia watu wa nyumbani kwake kwamba anakwenda mjini.