Zile Pauni 10: Kutoka Forodhani Hadi Soko la Mtandaoni



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya sala ya Isha kijana mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri nje ya msikiti, simu mkononi. Mama yake anashona kofia kwa mkono, naye anaziuza kupitia soko moja la mtandaoni la nje. Mteja wa Birmingham kalipa pauni 60 kwa kofia moja. Kwenye hesabu ya kijana, kabla hata soko halijakata ada yake, zimeandikwa pauni 50. Akaniuliza, "Shehe, hawa si wamenidhulumu pauni kumi?"

Nikamwambia kaa hapa barazani. Dhulma ni neno zito, usilitupe kabla hujajua. Na kujua kwenyewe lazima tuanzie mbali.

Neno letu ushuru limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni moja ya kumi. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, amesimulia katika Kitabul Kharaj kwamba Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alimwandikia Khalifa Umar (R.A.) kuwa wafanyabiashara wa Kiislamu wakiingia nchi za wengine hutozwa moja ya kumi. Sayyidna Umar akajibu kwamba na wao watozwe kama wanavyotutoza. Raia wasio Waislamu walipe nusu ya hiyo, na Muislamu dirham moja katika kila 40. Mali isiyofika dirham 200 isiguswe.

Shika mambo mawili hapo. Kodi inachukuliwa mlangoni, pale bidhaa inapopita. Na mdogo ana kiwango chake, chini ya hapo anaachwa. (Wanazuoni wana maneno marefu juu ya kodi ipi ni halali na ipi ni maksi iliyokatazwa. Leo siingii huko, itahitaji darsa yake.)

Njoo sasa kwetu Pwani. Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba na Wamarekani, bidhaa zao zinazoshushwa zilipe asilimia 5. Nani alikusanya? Si Sultani mwenyewe. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji. Alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, kisha akakusanya mwenyewe, na kilichozidi kikawa chake. Leo tunakwenda Forodhani kula urojo na mishikaki, tumesahau jina lile lilimaanisha nini.

Kodi ya ongezeko la thamani, hii tunayoiita VAT, ni changa sana. Ilianza Ufaransa mwaka 1954, na aliyeibuni ni ofisa wa kodi aitwaye Maurice Lauré. Shida aliyotaka kuitibu ni kodi juu ya kodi. Mwenye kiwanda akiuza kitambaa analipa, fundi akiuza nguo analipa tena juu ya bei yote, mwenye duka vilevile. Bidhaa ikifika kwa mnunuzi imebeba kodi tatu zilizopandana.

Lauré akasema kila mtu alipie kile alichoongeza yeye tu. Chukua kiwango cha Tanzania Bara cha asilimia 18. Fundi aliyesajiliwa ananunua kitambaa cha shilingi 100,000, analipa na kodi 18,000. Anauza kanzu kwa 250,000, mteja anaongeza kodi 45,000. Fundi anatoa zile 18,000 alizokwisha kulipa, anapeleka serikalini 27,000. Kwa hiyo anayeibeba kodi yote ni mvaaji wa kanzu. Fundi ni mchukuzi, ameshika amana ya watu. Kenya waliiingiza mwaka 1990, Tanzania Julai 1998.

Lakini bidhaa ilipoanza kuuzwa kwa posta na intaneti, mlango ukavuja. Uingereza ilisamehe vifurushi vidogo vinavyotoka nje, kwa kuwa gharama ya kuvikagua ilizidi kodi yenyewe. Wajanja wakauza diski za muziki na filamu kutoka visiwa vya Jersey na Guernsey, chini ya kile kiwango, kwa wateja wale wale wa Uingereza. Wenye maduka mitaani, wanaolipa kodi, wakalia miaka mingi. Msamaha kwa visiwa vile ulifutwa Aprili 2012. Vifurushi kutoka China vikaleta kilio hicho hicho kote Ulaya.

Januari 2021 Uingereza ikahamisha mlango. Bidhaa ikitoka nje kupitia soko la mtandaoni, na thamani yake haizidi pauni 135, soko lenyewe ndilo linalokusanya kodi pale mteja anapolipa. Umoja wa Ulaya ukafuata Julai mwaka huo, kwa kiwango cha euro 150. Ni kama Jairam karudi, ila huyu wa sasa haruhusiwi kubaki na kilichozidi.

Kodi ya Uingereza ni asilimia 20. Kofia pauni 50, kodi pauni 10, jumla 60. Pauni zile hazikuwa za kijana hata dakika moja. Zilikuwa za mteja, zikaenda kwa serikali ya mteja.

Nilidhani tumemaliza, nikarudi kwenye simu yake. Kwenye ukurasa anaouzia wateja wa hapa nyumbani nikaona kaandika, "Bei imejumuisha VAT." Nikamuuliza, umesajiliwa? Hapana. Mauzo yako kwa mwaka yanakaribia shilingi milioni 200? Akacheka. Basi hulazimiki kujisajili, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kumtoza mtu VAT. Mbona umeandika?

"Wateja wanaamini zaidi, Shehe."

Hapo sikucheka naye. Mnunuzi anayesoma maneno yale anajua sehemu ya pesa yake inakwenda kwenye hospitali na barabara, kumbe imeishia mfukoni mwako. Wewe uliyekuja kuniuliza nani kakudhulumu!

Akafuta palepale, tumekaa. Kisha akaniuliza, akitaka kule Uingereza zimfikie pauni 60 kamili kabla ya ada, atangaze bei gani. Tukapiga hesabu pamoja, ikatoka 72.