Dawa ya Kutuliza Askari

Kuna homa ya ini ambayo hailetwi na virusi wala pombe. Kinga ya mwili, askari wetu wa ndani, inageuka na kulishambulia ini lenyewe. Macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa kama strungi. Garissa, wazee wataita cagaarshow, jina la kila macho ya manjano, na tiba yao ya kale ni kuchoma ngozi kwa moto. Shida ni kwamba moto hautofautishi virusi na askari walioasi.

Hospitalini, dawa kuu ni mbili. Prednisoloni inanyamazisha kelele za kinga. Azathioprini, iliyotengenezwa Marekani miaka ya 1950 na timu ya Gertrude Elion na George Hitchings, inazuia askari kuzaana. Mwaka 1971 timu ya Sheila Sherlock huko London ilionyesha kwamba waliopewa prednisoloni walikufa wachache zaidi kuliko ambao hawakupewa. Kwa hiyo hizi dawa si za kuogopa. Zinaokoa watu.

Halafu miraa ikaingia kwenye hadithi. Mwaka 2010 madaktari wa London waliandika kuhusu wanaume watafunaji ambao maini yao yaliharibika vibaya, na ripoti zingine zilionyesha damu inayofanana na ya ule ugonjwa wa askari. Mwaka 2014 Uingereza ikapiga miraa marufuku, ingawa baraza lake la washauri wa dawa za kulevya lilikuwa limesema isipigwe. Huku kwetu tulibishana kuhusu pesa za Maua. Kuhusu ini, kimya.

Lakini mimi naona sehemu nzito ya historia hii iko Wajir, si London. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuja kufundisha, alianza kutibu TB ya wafugaji. Badala ya kuwapa vidonge na kuwaambia kwaheri, aliwaacha wajenge herio zao karibu, wakae miezi sita, wameze dawa mbele ya macho ya mtu. Watu wakaiita TB manyatta. Baadaye dunia nzima ikafuata utaratibu kama ule. Yeye aliondoka Kenya baada ya mauaji ya Wagalla ya 1984, akauawa Borama mwaka 2003.

Inahusu nini na ini? TB inaweza kulala mwilini miaka mingi, imezingirwa na wale wale askari. Ukiwatuliza kwa prednisoloni, inaamka. Homa ya ini aina ya B nayo hivyo hivyo. Azathioprini inaweza pia kushusha chembe nyeupe za damu hadi kidonda kidogo kikawa balaa, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Na kuacha prednisoloni ghafla, eti umepona, ni hatari nyingine: mwili umeshazoea kutotengeneza homoni yake.

Kwa hivyo kijana akifika Garissa na macho ya manjano, na daktari anaandika prednisoloni, watamuuliza kama anatafuna. Sawa. Wamuulize pia: kwenu kuna mtu aliwahi kulala manyatta?