Tuni na waranti: ya kujua kabla hujamwachia fundi kompyuta ya Golf yako

Jumamosi moja baada ya Laasiri nilikuwa nimekaa barazani hapa Frere Town, si mbali na Kengeleni, kijana wa mtaani akaegesha Golf yake mbele yangu, akashuka na simu mkononi. Kuna fundi amemwahidi kuliongeza gari nguvu kwa muda wa saa moja, bila kufungua injini, na tangazo lenyewe lasema kazi hiyo ni "salama kwa waranti". "Ami, nilipe?" akaniuliza.

Nikamuuliza: waranti ya nani? Akanyamaza. Gari alilinunua yadi, na yadi ilimpa karatasi ya miezi 6 kwa injini na giaboksi. Miezi miwili ishapita. Fundi hajawahi kuiona karatasi hiyo, na mwenye yadi hajui kama kuna fundi.

Maswali kama haya yananijia sana siku hizi, kwa kuwa hizi hachibeki za turbo, Golf, Polo na Audi A3, zimejaa barabara za Nyali na Kisauni, na vijana wana hamu. Basi nieleze nijualo. Mimi nilisomea diploma ya mitambo, si wakili, na pale panapoingia sheria nitakuwa mfupi.

Turbo ni feni mbili juu ya mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha ya kwanza, na ya pili ikasukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, petroli nayo yaweza kuongezwa, na nguvu ikapanda. Anayeamua hewa isukumwe kiasi gani, petroli imwagwe kiasi gani na plagi ipige cheche saa ngapi ni kompyuta ya injini. Tuni ni kuiandika upya programu ya kompyuta hiyo. Ile wanayoiita "steji wan" (si steji ya matatu) haibadilishi kifaa chochote: fundi huchomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani, hutoa programu ya kiwandani na kuweka ya kwake. Golf GTI ya kizazi cha 7 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 220 na torki ya nyutoni mita 350. Kwa programu peke yake hutangazwa kufika karibu farasi 300. Si uongo. Injini ile inaweza.

Kinachouliziwa ni kwa nini kiwanda hakikuiachilia mwanzoni. Kiwanda huacha akiba kwa ajili ya petroli mbovu, joto, milima, na mwenye gari asiyebadilisha oili kwa wakati. Tuni huila akiba hiyo. Sisi wa Mombasa ni katika watu ambao akiba hiyo iliwekewa.

Sasa turudi kwenye waranti. Neno "salama kwa waranti" nimelisikia likitumiwa kwa maana tatu, na mwenye kuuza hupenda zichanganyike.

Maana ya kwanza ndiyo ya kweli: mwenye kutoa waranti ameikubali tuni yenyewe. Mfano mzuri ni Ford Fiesta ST kule Uingereza. Gari lilitoka na farasi 182. Kampuni ya Mountune ikatengeneza tuni iitwayo MP215, yenye kulifikisha farasi 215 na torki ya nyutoni mita 320, pamoja na chujio jipya la hewa. Ilifungwa na mawakala wa Ford wenyewe kwa pauni 599, na waranti ya Ford ikabaki vilevile. Ford ilijua, iliridhika, na aliyefunga alikuwa mtu wake. Angalia pia kwamba nyongeza ilikuwa ya kiasi.

Maana ya pili: kiwanda hakimo, lakini aliyeweka tuni anatoa waranti yake mwenyewe badala ya ile iliyopotea. ABT ya Kempten, Ujerumani, hufanya hivyo kwa magari ya Volkswagen na Audi. Hii nayo ni halali na yaeleweka, ila thamani yake ni sawa na uwezo wa mtoaji. Kampuni yenye karakana na mtaji ikisema italipa giaboksi, huenda ikalipa. Fundi mwenye laptopu moja na namba ya simu akisema hivyo, muulize giaboksi ya Golf ni bei gani, kisha mtazame usoni.

Maana ya tatu ndiyo iliyoenea hapa kwetu: "Ukienda kwa wakala, nipigie nikurudishie programu ya zamani, hawatajua." Watajua. Wakala wa Volkswagen akiunganisha gari na mtambo wake wa uchunguzi, programu iliyomo yaweza kulinganishwa na ya kiwandani, na isipolingana gari hutiwa alama ya TD1 katika kumbukumbu za kampuni. Alama hiyo haikai ndani ya gari, kwa hivyo kurudisha programu hakuifuti. Kompyuta ya injini nayo huweka hesabu ya mara ngapi imeandikwa. Kuna na yale maboksi ya nyongeza yanayofungwa juu ya sensa ya hewa ili kuidanganya kompyuta. Hayaandiki chochote, kweli, na huchomolewa kwa dakika chache. Lakini kudai gharama kwa mtu huku umemficha ulichofanya tuna jina lake, na halihusiani na magari.

Vijana wengine huniletea video za Wamarekani zinazosema kampuni haiwezi kukunyima waranti mpaka ithibitishe kwamba tuni ndiyo iliyoleta hasara. Wanaitegemea sheria yao ya mwaka 1975, Magnuson-Moss. Sheria hiyo haivuki bahari. Hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, inayomtaka muuzaji atoe kitu chenye ubora unaostahili, na Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Lakini karatasi ya waranti ya yadi ni mkataba. Ikisema gari lisibadilishwe, nawe umelibadilisha, umemfungulia mwenye yadi mlango wa kutokea.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawataki kulisikia: hachibeki nyingi za aina hii hapa kwetu zimeshuka Kilindini zikiwa zimetumika Japani. KEBS huruhusu gari lisilozidi miaka 8, na waagizaji wengi huleta yaliyo karibu na mpaka huo kwa sababu ya bei. Waranti ya kiwanda imekwisha zamani, na hata kama ingekuwa na siku, kwa kawaida haisafiri na gari. Kwa hivyo kama gari lako ni la miaka 7 na hukupewa karatasi yoyote, neno "salama kwa waranti" kwako halina maana. Huna cha kusalimisha. Waranti yako ni mfuko wako.

Nilimtazamia yule kijana Golf yake. Haikuwa GTI. Ilikuwa ile ya lita 1.4 iitwayo Highline, farasi 140, torki nyutoni mita 250. Hapo ndipo nilipomwambia asilipe.

Sababu ni giaboksi. GTI za kizazi cha 7 zilizotoka mwanzo zina DSG ya gia 6 ambayo klachi zake huogelea ndani ya oili. Oili hupoza. Golf ndogo za 1.2 na 1.4 zina DSG ya gia 7, iitwayo DQ200, yenye klachi mbili kavu, hakuna oili inayozipitia. Kiwanda kiliiunda DQ200 ibebe torki isiyozidi nyutoni mita 250. Soma tena namba hizo: injini ya Highline inatoa 250 ikiwa haijaguswa. Imeshafika ukingoni. Tuni yoyote ya maana huipitisha hapo, na mzigo wa ziada haubebwi na injini aliyokusifia fundi, unabebwa na klachi asizozitaja. Golf ya 1.2, yenye torki 175, ina nafasi kidogo.

Na DQ200 haikuwa na sifa njema na hali ya hewa kama yetu hata kabla ya tuni. Novemba 2013 Volkswagen iliyaita magari takriban milioni 1.6 duniani yabadilishwe oili ya giaboksi hizo, kutoka oili ya kutengenezwa hadi ya madini, kwa sababu kwenye joto na unyevu, na mwendo wa kusimama na kuondoka, oili ile iliweza kuleta hitilafu ya umeme ndani yake. Joto, unyevu, kusimama na kuondoka. Mtu aliyekaa foleni ya daraja la Nyali saa kumi na moja jioni hahitaji kuelezewa zaidi.

Jambo la pili ni petroli, na hapa watu huchoma injini kwa kutoelewa namba. Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili joto na shinikizo bila kulipuka yenyewe kabla ya cheche kumaliza kazi. Ikilipuka, injini hugonga, na turbo ikisukuma hewa nyingi zaidi, mgongo huo waweza kupasua pistoni. Huku kwetu, Ulaya na Japani tunapima kwa kipimo cha RON. Wamarekani hupima kwa wastani wa vipimo viwili, na namba yao hutoka chini. Tuni ya Kimarekani iliyoandikwa "93" yataka petroli inayokaribia RON 98 yetu. Ile ya "91" yataka takriban RON 95 au 96. Nimeshaona kijana akifurahia kupata faili la "93" akidhani ni nafuu kuliko la "95". Ni kinyume. Faili la Kijapani nalo lisikudanganye, kwani petroli yao ya juu huanzia RON 96, na aghalabu huzidi hapo. Fungua kifuniko cha tangi lako, soma RON kiwanda kilichotaka, kisha mtake fundi akuandikie kwenye risiti faili lake ni la RON ngapi. Akijibu kwa "hili lafanya kazi na yoyote", ondoka.

La tatu ni mahali. Mafundi wengi wa kazi hii wako Nairobi, au hutumiwa faili kutoka nje. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi na baridi. Sisi tuko usawa wa bahari, hewa nzito na moto. Golf ya 1.4 hupoza hewa ya turbo kwa maji, na ukikaa foleni maji yale hupata joto, hewa ikaingia kwenye silinda ikiwa moto zaidi ya fundi alivyoiona kwenye majaribio yake. Kwa hivyo mwenye GTI anayetaka kuendelea, asitosheke na jaribio la karakana. Baada ya kuwekewa, gari liendeshwe hapa, mchana, laptopu ikirekodi: hewa iliyotakiwa na iliyopatikana, joto la hewa inayoingia, na ni mara ngapi kompyuta imerudisha cheche nyuma kwa sababu ya kugonga. Rekodi hiyo upewe nakala.

Kabla ya hapo, gari lisomwe makosa yake yote, libadilishwe oili na plagi, na koili zikaguliwe. Tuni haiponyi gari gonjwa. Wakati wa kuandika programu, betri iwe imeunganishwa na chaja ya kushikilia umeme, maana umeme ukishuka katikati kompyuta yaweza kufa pale pale, na hiyo nayo hakuna waranti itakayoilipa. Programu ya kiwandani ihifadhiwe, na nakala uondoke nayo wewe, si fundi peke yake. Mafundi huhama.

Bima isisahauliwe. Fomu ya bima kubwa huuliza kama gari limebadilishwa. Ukijaza "hapana" na limebadilishwa, umeikabidhi kampuni sababu ya kukataa dai siku utakayolihitaji. Pige simu wakala wako wa bima kwanza, na jibu litoke kwa maandishi. Na siku ya kuliuza gari, mnunuzi aambiwe. Aibu ya bidhaa haifichwi, hata kama aibu yenyewe inakimbia vizuri.

Yule kijana alirudi yadi nikiwa nimemwandikia sentensi moja ya kuuliza: je, mnaruhusu programu ya injini ibadilishwe ndani ya miezi 6, na mko tayari kuandika hivyo? Mwenye yadi alimjibu kwa kalamu nyuma ya karatasi ile ile kwamba ikiguswa, waranti imekwisha. Angalau sasa iko wazi. Fundi aliambiwa asubiri. Juzi kijana kanipita tena barazani, dirisha limeteremshwa, ananiuliza kama namjua mtu anayeuza GTI.